Kondo la Nyuma Si Hati ya Mashtaka

Ujumbe uliingia kwenye kundi la familia saa tatu usiku, siku ya arobaini ya mtoto, tukiwa tumeshaosha masufuria na wageni wameondoka. Aliyeutuma ni wifi yake dada yangu, mtu mwema, msomi, asiyekosa kututakia Ijumaa njema. Alibandika habari fupi ya Kiingereza kuhusu kisukari cha mimba na mabadiliko ya kondo la nyuma, kisha akaandika chini yake: "Wifi, kumbe sukari ya mama inabadilisha hadi jeni za mtoto! Jamani tuwe makini na midomo yetu."

Dada alikuwa ananyonyesha. Alisoma mara mbili, akaniangalia, akauliza kwa sauti ya chini, asimwamshe mtoto: "Kwa hiyo nimeshamharibu?"

Miaka miwili imepita na swali hilo bado halijanitoka. Naandika kulijibu. Naandika pia kwa hasira, na sitaificha, kwa sababu naamini habari ile imesomwa kichwa chini, miguu juu, na wanaoisoma hivyo ni watu kama mimi na wewe: tuliosoma, tunaopenda sayansi, tunaosambaza viungo kabla hatujamaliza aya ya pili.

Nianze na yaliyotokea. Dada ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar es Salaam. Alikwenda kliniki mara sita. Kila mara alipewa kichupa, akaleta mkojo, kijiti kikachovywa, na kwenye kadi pakaandikwa kwamba sukari hakuna. Alipoeleza kwamba ana kiu isiyokatika na anaamka usiku mara tano kwenda haja ndogo, nesi alimwambia, "Mama, hiyo ndiyo mimba." Hakudanganya. Mimba ndivyo ilivyo, na ndiyo maana ugonjwa huu haukamatwi kwa kuulizana hali. Kijiti cha mkojo nacho hakitoshi. Wakati wa ujauzito figo huachia sukari kirahisi kuliko siku nyingine, kwa hiyo mwanamke mzima anaweza kuonekana ana sukari kwenye mkojo, na mwenye kisukari cha mimba akaonekana msafi.

Kipimo chenyewe ni cha damu. Mjamzito anafika hajala, anatolewa damu, anakunywa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa kwenye maji, kisha anapimwa tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Wakati wake ni kati ya wiki ya 24 na wiki ya 28. Dada hakupimwa. Alikuja kupimwa wiki ya 36, kwenye maabara ya kulipia, baada ya daktari mmoja kushtuka kuona tumbo limezipita wiki zake. Kabla ya kula, damu ilisoma 6.3. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, 5.1 inatosha.

Mtoto alizaliwa kwa upasuaji akiwa na kilo 4.5. Nje ya wodi tulishangilia: bonge la mtoto! Saa moja baadaye sukari yake ilishuka, akaanza kutetemeka, akapelekwa kwenye chumba cha watoto wachanga na kuwekewa dripu. Alikaa huko siku tatu. Dada alimwona kwa mara ya kwanza vizuri siku ya pili, akiwa ameshikilia mshono wake kwa mkono mmoja.

Sasa tulitazame kondo lenyewe. Kwetu kondo halikuwa takataka. Sehemu nyingi, pwani na bara, lilizikwa nyumbani kwa heshima, na hadi leo mtu akitaka kueleza kwao ni wapi atasema ndipo kilipozikwa kitovu chake. Hospitalini huishia kwenye ndoo. Ila machache hupelekwa maabara, yakakatwa vipande na kuchunguzwa, na huko ndiko habari ya wifi ilikotoka.

Jambo la kwanza ambalo habari ile haikumwambia: kondo si kiungo cha mama peke yake. Sehemu yake kubwa inatokana na yai lilelile lililorutubishwa ambalo mtoto naye anatokana nalo. Vinasaba vyake, nusu ni vya mama na nusu ni vya baba. Tena mchango wa baba si wa kusindikiza tu. Mwaka 1984 majaribio ya panya yalionyesha kwamba kiinitete chenye vinasaba vya upande wa baba tu kilikuza tishu za kondo vizuri huku mwili wa mtoto ukidumaa, na chenye vinasaba vya upande wa mama tu kikawa kinyume chake. Mtoto hapatikani mpaka pande zote mbili ziwepo, lakini katika kujenga kondo, mkono wa baba ni mzito.

Jambo la pili: kondo ndilo linaloanzisha habari ya sukari. Mimba ikikua, kondo humwaga homoni zinazoufanya mwili wa mama uwe mbishi kwa insulini. Hili si kosa la maumbile. Sukari ikichelewa kuondoka kwenye damu ya mama, mtoto anapata ya kutosha kukua. Kongosho la mama hujibu kwa kutoa insulini zaidi na zaidi. Likiweza kwenda na kasi hiyo, mimba inapita salama. Likishindwa, sukari inabaki juu, na hicho ndicho kisukari cha mimba.

Sukari inavuka kondo, insulini ya mama haivuki. Kongosho dogo la mtoto linalazimika kufanya kazi ya mtu mzima: linatengeneza insulini yake lenyewe, na insulini hiyo inageuza sukari ya ziada kuwa mafuta na mwili. Daktari wa Denmark, Jørgen Pedersen, alishalieleza hili katika miaka ya 1950. Kitovu kikikatwa, sukari inakoma ghafla lakini insulini ya mtoto bado ipo juu. Ndiyo maana mpwa wangu alitetemeka.

Kwa hiyo kongosho la dada yangu lilishindwa kwenda na kasi ya homoni za kondo ambalo nusu ya vinasaba vyake ni vya mume wake. Sijaona bado ujumbe wowote kwenye kundi unaomwambia shemeji awe makini.

Tufike kwenye neno lililomtisha dada: jeni zimebadilika. Epijenetiki ni elimu ya alama zinazokaa juu ya vinasaba bila kugusa maandishi yenyewe. Chukua daftari la mapishi la mama. Kurasa nyingine amezikunja kona, nyingine amezibana kwa pini kwa sababu haziitaji. Mapishi hayajafutwa hata herufi moja, ila ukurasa uliobanwa haufunguki kirahisi. Alama moja inayochunguzwa sana huitwa methili, kikundi kidogo cha atomi kinachong'ang'ania kwenye DNA na mara nyingi kunyamazisha jeni iliyo karibu.

Mwaka 2010 Luigi Bouchard na wenzake huko Quebec, Kanada, walitangaza kwamba kiwango cha methili kwenye jeni ya leptini, homoni inayohusika na shibe na mafuta mwilini, kilikwenda sambamba na sukari ya damu ya mama. Walichunguza makondo ya wanawake 48, ambao 23 kati yao mwili ulikuwa hauimudu sukari vizuri. Mwaka 2013 watafiti wa Ujerumani waliona tofauti kwenye jeni iitwayo MEST, kwenye kondo na kwenye damu ya kitovu, kwa watoto ambao mama zao walikuwa na kisukari cha mimba. Tofauti yenyewe ilikuwa ya asilimia chache tu. Na MEST ina tabia moja ambayo ningependa itangazwe kwenye kila kikao cha harusi: kwa kawaida nakala ya mama imebanwa pini, inayozungumza ni nakala ya baba.

Ni kazi nzuri, na siibezi. Lakini angalia inachosema na isichosema. Inasema mambo mawili yalionekana pamoja, sukari na alama. Haisemi kwamba alama hiyo ndiyo itakayomfanya mtoto augue akiwa na miaka 40. Kondo ni mchanganyiko wa seli za aina nyingi, na mchanganyiko ukibadilika kidogo, hesabu ya alama nayo inabadilika. Tena alama iliyosomwa kwenye kondo ni ya kondo: ini la mtoto, ubongo wake na kongosho lake havikukatwa vipande. Kutoka hapo hadi "sukari ya mama inabadilisha jeni za mtoto" ni safari ndefu, na wifi aliikata kwa kidole gumba.

Tena, tuseme alama hizo ni za kudumu na zina madhara yote tunayoyahofia. Bado zingekuwa ushahidi dhidi ya nani? Nyumba iliyojengwa karibu na bahari hutoka chumvi ukutani. Fundi akiiona chumvi ile hauulizi ukuta kwa nini haukuwa makini. Anauliza bahari iko hatua ngapi, mchanga wa tofali ulitoka wapi, na nani aliruhusu pajengwe. Kondo ni ukuta wa namna hiyo. Limekunywa kilichokuwa kwenye damu ya mama, na damu ya mama imekunywa kilichokuwa mtaani, kazini, jikoni na kliniki.

Sijalitunga mimi. Mwaka 2014 Sarah Richardson, mwanahistoria wa sayansi, na wenzake waliandika katika jarida la Nature wakionya kwamba habari za epijenetiki zinageuzwa kuwa fimbo ya kuwachapia akina mama, huku mchango wa baba, wa umaskini na wa mazingira ukiachwa nje ya picha. Miongoni mwa walioandika walikuwemo watafiti wa afya wanaoiamini elimu hii. Hawakuikataa sayansi. Walikataa matumizi yake.

Mfano ulionifungua macho uko mbali na hapa, Arizona, Marekani, na nauleta kwa sababu huko familia zilezile zimefuatiliwa kwa miongo mingi. Watu wa jamii ya Pima walianza kuchunguzwa na taasisi za afya za serikali mwaka 1965. Utafiti uliotolewa mwaka 2000, ukiongozwa na Dana Dabelea, ulilinganisha ndugu wa familia moja: waliozaliwa kabla mama hajapata kisukari, na waliozaliwa baada ya hapo. Wale wa baada walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuugua kisukari wao wenyewe. Kwa upande wa baba, kuzaliwa kabla au baada ya ugonjwa wake hakukuleta tofauti kama hiyo. Kwa hiyo, ndiyo, kinachotokea tumboni kina uzito. Nimelikubali hilo waziwazi ili nisije kuambiwa nalikwepa.

Lakini rudi nyuma kizazi baada ya kizazi. Watu hao hujiita Akimel O'odham, watu wa mto. Mto wao ni Gila, na kwa karne nyingi waliuelekeza mashambani kwa mifereji na kulima mahindi, maharage na maboga. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, walowezi waliokuwa juu ya mto waliyachepusha maji. Mashamba yakakauka, njaa ikaingia, na baadaye kikaja chakula cha mgawo: unga mweupe, mafuta, sukari. Ng'ambo ya mpaka, Mexico, wapo Pima wenzao wenye nasaba ya karibu nao, walioendelea kulima milimani. Walipopimwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2006, wenye kisukari huko walikuwa asilimia 6.9. Arizona walikuwa asilimia 38.

Ukilichukua kondo la mama wa Arizona na kusoma alama zake, unaweza kuandika kwamba mama huyu alikula vibaya. Unaweza pia kuandika kwamba mto uliibwa. Sentensi zote mbili zinaweza kutoka kwenye kipande kilekile cha nyama. Unayoichagua inaonyesha unamtumikia nani.

Turudi Dar. Mto wetu ni upi? Dada alikuwa anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili awahi daladala. Kifungua kinywa chake kilikuwa chai ya sukari na maandazi mawili ya mama ntilie wa kituoni, kwa sababu ndicho kilichokuwepo na ndicho alichoweza kulipia. Mchana, wali wa shuleni. Jioni alikuta nyumbani mapenzi ya ukoo: uji uliotiwa sukari, juisi za pakiti, na maneno yaleyale, kula, sasa mko wawili. Wifi huyuhuyu alimletea kaimati kila Jumapili, za moto, zimelowa shira. Alileta kwa upendo, na dada alikula kwa adabu. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Lakini mkono uliobeba bakuli ndio ulioandika ujumbe ule.

Na juu yetu sote kuna maamuzi ambayo hayakufanywa jikoni. Vigezo tulivyotumia kumwita dada mgonjwa vimejengwa juu ya utafiti mkubwa uitwao HAPO, uliochapishwa mwaka 2008, wa wajawazito wapatao 25,000 katika nchi 9. Hakuna hata kituo kimoja kilichokuwa katika bara la Afrika. Tulipewa namba ya mstari, hatukupewa kipimo cha kujua nani ameuvuka. Mwanamke anaulizwa kwa nini hakujua sukari yake na watu wasiowahi kuuliza kwa nini kliniki yake haina chupa ya glukosi.

Kuna nyingine inayoniuma zaidi. Baada ya kujifungua, mama aliyekuwa na kisukari cha mimba anatakiwa kupimwa tena kati ya wiki ya 6 na ya 12, kwa ajili yake mwenyewe. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa katika Lancet mwaka 2009 uliona kwamba hatari yake ya kupata kisukari cha aina ya pili baadaye ni zaidi ya mara saba kuliko ya mwanamke ambaye mimba yake haikuwa nacho. Siku ya arobaini, kundi la familia lilikuwa na watu 31. Wote tulijadili jeni za mtoto. Hakuna aliyeuliza, mimi nikiwemo, kama mama wa mtoto amepimwa.

Najua pingamizi linalokuja. Kwa hiyo mama hana wajibu? Aendelee na soda, kisha tuilaumu serikali?

Wajibu anao, na sijakutana na mtu anayeubeba kwa bidii kuliko mwanamke aliyeambiwa mwanawe yuko hatarini. Katika wiki zile nne za mwisho dada alijichoma kidole mara nne kwa siku, alipima ugali kwa kikombe, alitembea mzunguko wa uwanja wa shule hadi miguu ikavimba. Alichokosa ni kuambiwa mapema. Na kuambiwa mapema kunafaa: jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2005, la wanawake 1,000, lilionyesha kwamba waliopewa ushauri wa chakula, vifaa vya kujipimia na insulini pale ilipohitajika, madhara makubwa kwa watoto wao wakati wa kuzaliwa yalishuka kutoka asilimia 4 hadi asilimia 1. Soma tena orodha hiyo: ushauri, vifaa, dawa. Vyote ni vitu vya kupewa. Aibu haimo.

Nitakuwa mkweli pia kuhusu mpaka wa tiba hiyo. Baadhi ya watoto wa jaribio lile walipopimwa wakiwa na miaka 4 hadi 5, unene wao haukutofautiana, mama awe alitibiwa au hakutibiwa. Hilo linapaswa kuwanyamazisha wanaoahidi kwamba mama akijibana vya kutosha atafuta kila hatari. Na wanaodai kwamba mtoto ameshaandikiwa hatima yake kwenye kondo nao hawana cha kuonyesha. Kati ya tumbo na uzee kuna utoto, shule, chakula cha shule, uwanja wa kuchezea na bei ya mboga.

Kwa nini nashupalia ujumbe mmoja wa WhatsApp? Kwa sababu aibu ina kazi yake, nayo huifanya vizuri sana. Mwezi wa nane dada aliniambia ana mimba tena. Aliniambia mimi tu. Hata shemeji alikuwa hajui. Alikuwa na wiki 15 na hajakanyaga kliniki, kwa sababu, alisema, "Nikienda wataandika kwenye kadi kwamba nina historia, na watajua ni mimi." Mwalimu, mwenye akili zake, anajificha kutoka mahali pekee panapoweza kumsaidia, kwa kuogopa kuitwa kosa. Ukimfundisha mwanamke kwamba mwili wake ni mahali pa uhalifu, usishangae akiwakwepa polisi.

Kwa hiyo jibu la swali lake, ambalo nilipaswa kumpa usiku ule na sikuwa nalo: hapana dada, hujamharibu. Herufi zake zote zipo. Ana miaka miwili, anakimbia, anatafuna matembele kama mbuzi. Kama kondo lake liliandikwa chochote, tuliandika sote, na walioshika kalamu nene zaidi hawamo kwenye kundi letu.

Nawe wifi, najua utaisoma hii, maana husoma kila kitu. Dada amefikisha wiki 25. Kipimo chake ni Jumanne, saa moja asubuhi, hajala, na atakaa pale zaidi ya saa mbili. Tumetafuta kituo, tumechanga fedha. Tunahitaji mtu wa kubaki na mtoto, na mwingine wa kukaa naye kwenye benchi. Chagua mojawapo. Kaimati tutakula wakati mwingine.